Mto Ngerengere unaanzia wapi, na kwa nini hauingii Wami?

MamaWawili_Kimara

Wakuu, habari za jioni. Sina hakika kama hili ndilo jukwaa lake, lakini nimeona humu watu wakibishana juu ya reli, mbegu za mahindi na hata mipaka ya viwanja, kwa hiyo mto nao hautakosa mtu wake.

Mwanangu yuko darasa la sita. Wamepewa kazi ya kuchora mto mmoja mdogo unaomwaga maji kwenye mto mkubwa, waonyeshe chanzo, njia na mwisho wake. Akachagua Ngerengere. Sababu yake ni moja tu: tulipokwenda Moro kwa bibi yake kwa treni ya SGR alisoma jina hilo kituoni, likamkaa mdomoni. Njia nzima ni Ngerengere, Ngerengere, kama wimbo wa kuruka kamba.

Basi amechora. Mto wake unaanzia Morogoro mjini, unapanda juu ya karatasi, yaani kaskazini, kisha unaingia Wami karibu na Dakawa. Nikamwambia safi kabisa. Mimi mwenyewe nimekaa Kihonda mpaka darasa la nne, na ninakumbuka maji yale yalikuwa yanaupa mlima mgongo, yanakwenda zake upande wa Dodoma.

Akaja mjomba wake, akatazama karatasi, akacheka. Anasema Ngerengere hauingii Wami hata kidogo, unaingia Ruvu. Baba yake naye akasema wote tumepotea, maana mto unaopita mjini unaitwa Morogoro, na Ngerengere ni jina la mji ulio huko mbele kwenye reli. Mtoto kaweka penseli chini, anatutazama watu wazima watatu kama tumemwibia kitu.

Naombeni anayejua aniambie mto huu unaanzia wapi hasa, unapita wapi, unaishia wapi. Na kama kweli unaingia Ruvu, iweje uanze kwa kwenda kaskazini? Kazi inatakiwa Jumatatu.

Dogo_wa_Kihonda

Mama, mwache mtoto, yuko sahihi. Mimi nimezaliwa hapa hapa Kihonda. Maji yanatoka mlimani yanakwenda kaskazini, na kaskazini kuna Wami. Hesabu ya darasa la pili hiyo, haihitaji profesa. Mjomba mpe chai arudi kwake.

Mzee_Kipimio

Mama, marahaba kabla hujaniamkia. Macho yangu hayaelewani na simu, mjukuu ndiye anayeandika ninayosema, kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya ni la kwake.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma mbao za kupimia kina cha maji kwenye mito inayotoka Uluguru. Unajua ile mbao nyeupe iliyochorwa mistari kama rula kubwa, imesimamishwa ukingoni, mtu akipita anadhani ni alama ya mpaka? Ndiyo hiyo. Asubuhi unasoma, jioni unasoma, unaandika daftarini. Kwa hiyo mto huu siujui kwa kupita juu ya daraja. Umenilowesha suruali.

Mjomba ndiye aliyepatia. Ngerengere ni mkono wa Ruvu. Lakini usimwambie mtoto kwamba amekosea bure. Amechora alichokiona, na mtu aliyesimama Kihonda akautazama mto kwa macho atachora hivyo hivyo. Kijana hapo juu ni shahidi.

Sasa chukueni kifutio. Kwanza futeni chanzo alichokiweka mjini. Mto unapofika mjini umeshatembea. Chanzo chake kipo nyuma ya mlima, upande wa magharibi wa Uluguru, ule ambao mtu wa mjini hauoni akisimama Msamvu. Na chanzo chenyewe si kimoja. Mtoto asiweke nukta, achore vidole. Kuna Mlali, kuna Mgera, kuna Lukulunge, kuna Mzinga. Yote hiyo inashuka kwenye mabonde ya upande ule. Ukienda kumuuliza mkulima wa Mlali "Ngerengere unaanzia wapi?" atakutajia jina la mkono unaopita shambani kwake, na hakudanganyi. Jina la mto linashika pale mikono inapokutana. Juu ya hapo kila kijiji kina jina lake.

Mikono hiyo inaingia bwawa la Mindu. Ukitoka Moro kwa barabara ya Iringa, hata hujakolea usingizi wa basi, utayaona maji mapana na mlima Mindu umesimama jirani. Bwawa hilo ni la miaka ya 1980, lilijengwa kuzuia Ngerengere ili mji na viwanda vyake vipate maji. Kwa hiyo kwenye mchoro, hapo pachorwe tumbo. Mto unaingia mwembamba, unavimba, unatoka tena mwembamba. Wakati mwingine hautoki kabisa. Bwawa likipungua kiangazi, chini ya ukuta utakuta mchanga, mawe na vidimbwi, na mgeni atakuuliza mto uko wapi.

Hapa ndipo baba mtu anapopata nusu ya maksi. Mto unaoshuka Morningside, ukapita Rock Garden na kukata mjini, ndio Mto Morogoro. Si Ngerengere. Huo unatoka uso wa kaskazini wa mlima, chini ya kilele cha Lupanga ambacho kina zaidi ya mita 2,100, na unateremka kwa kasi maana mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Ukishafika tambarare unajitupa Ngerengere. Mto Kikundi nao vivyo hivyo, na Bigwa. Kwa hiyo mji wa Morogoro una mito yake midogo inayotoka mlimani moja kwa moja, na Ngerengere unaupitia mji kwa pembeni, upande wa chini, unaikusanya. Ndio huo unaopita Mazimbu, pale palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini mpaka 1992, siku hizi ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, yenye jina la Solomon Mahlangu. Kiangazi, maji mtakayoyaona Mazimbu mengi yake si ya Mindu. Ni ya mito hii ya mjini, pamoja na maji ambayo mji umeshayatumia.

Sasa swali lako zuri, kwa nini kaskazini. Mto haujui dira. Unajua kuteremka tu. Huku nyuma ya mlima hauwezi kwenda mashariki kwa sababu Uluguru yenyewe imekaa mashariki kama ukuta, na vilele vya huko kusini vinazidi mita 2,600. Kwa hiyo unaambaa na ukuta mpaka unaisha. Ukuta unaishia Morogoro mjini. Hapo ndipo mto unapata upenyo, unapinda kaskazini mashariki, halafu mashariki, Kingolwira inaachwa nyuma, unaingia nchi ya mashamba ya mkonge.

Na kwa nini hauendelei mpaka Wami? Kati ya Msamvu na Dakawa kuna mgongo wa ardhi. Ni mgongo mpole sana, ukiwa kwenye basi la Dodoma huuhisi, dereva habadili hata gia. Ukiondoa vilima vya Nguru ya Ndege kaskazini magharibi mwa mji, hakuna kitu cha kukuambia kwamba umevuka mpaka. Lakini maji yanahisi. Mvua ikinyesha upande huu wa mgongo inakwenda Ngerengere, ikinyesha upande ule inakwenda Wami. Magharibi nako ni hivyo hivyo, ukishapita nchi ya Mzumbe na kuikaribia mbuga ya Mkata, maji yanageuka, yanaingia Mto Mkata, na Mkata ni wa Wami. Nimewahi kusimama na vijana wa chuo mahali kama hapo, wakaniomba niwaonyeshe mpaka wa mabonde mawili. Nikawaonyesha nyasi. Walidhani nawatania.

Baada ya mkonge mto unafika Ngerengere mjini, penye kituo cha reli. Mji umechukua jina la mto, si mto uliochukua jina la mji. Ukitoka hapo unateremka mashariki ukiinamia kusini kidogo, nyika tupu, mpaka unakutana na Ruvu. Ruvu unaendelea, unapita chini ya daraja la barabara kuu ya Morogoro, Mlandizi, halafu unapanda kaskazini kuitafuta bahari, unaingia Bahari ya Hindi juu kidogo ya Bagamoyo. Wami nao unaingia bahari hiyo hiyo, kaskazini zaidi, upande wa Saadani. Kwa hiyo mtoto akitaka kuwapoza wazee wote watatu, achore bahari moja mwisho.

Halafu mama, wewe uko Kimara. Ruvu Juu pale Mlandizi ilijengwa 1959 kuileta Dar maji ya mto huu, na Ruvu Chini kule Bagamoyo ikafuata 1976. Makutano ya Ngerengere na Ruvu yako juu ya zote mbili. Kwa hiyo hilo bomba lako linayajua maji ya Kihonda kuliko unavyofikiri.

MamaWawili_Kimara

Shikamoo baba, sasa naiweka vizuri. Asante mno. Nimemsomea mtoto, kafuta nusu ya karatasi mpaka imetoboka, tumeanza nyingine. Vidole amevichora vinne, vimekuwa kama mkono wa chura lakini vipo. Tumbo la Mindu kalipaka bluu nzito, ndiyo sehemu anayoipenda.

Ila limebaki swali, na hili ni lake, mimi nimetumwa tu. Kama Ngerengere unazunguka mlima wote huo, una mikono minne, una bwawa, una mji mzima unaumwagia maji, kwa nini unapokutana na Ruvu ndio unaopoteza jina? Kwa nini isiwe Ruvu ndio umeingia Ngerengere? Kasema "si haki." Nimeshindwa kumjibu.

Dogo_wa_Kihonda

Shikamoo mzee. Nimefungua ramani ya simu nikaufuata kwa kidole kutoka daraja la hapa kwetu. Ukishapita Kingolwira unapinda kweli. Miaka ishirini na nane nimekaa mita mia mbili kutoka mtoni na sikuwahi kujua unakokwenda. Mjomba arudishiwe chai yake.

Mzee_Kipimio

Marahaba, kijana. Wala usione haya. Watu wengi wanaujua mto kwa upana wa pale wanapofulia.

Mama, mwambie huyo binti kwamba swali lake ndilo nililokuwa nikijiuliza mwaka wangu wa kwanza kazini, na nilijibiwa na maji yenyewe.

Mwezi wa tisa mmoja nilikuwa Konga, kwenye Mzinga. Tulikuwa tunapima mtiririko. Kupima huko si kusoma mbao peke yake. Unavuta kamba kutoka ukingo mpaka ukingo, unaugawa mto vipande, kila kipande unapima kina na kasi. Kasi inapimwa kwa chombo chenye kipanga kidogo kama feni ya kuchezea, unakizamisha, maji yanakizungusha, unahesabu mizunguko. Upana mara kina mara kasi, ujumlishe vipande vyote, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Siku ile kipanga kilikuwa hakizunguki sawasawa, kilikuwa kinagusa kokoto. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilivuka bila kukunja suruali zaidi ya mara mbili.

Wiki mbili hazijapita, mwezi ni ule ule wa kiangazi, nikapelekwa upande wa pili wa mlima, Kibungo, kwenye Ruvu wenyewe. Nikaingia kwa kiburi kile kile cha Konga. Hatua ya tatu maji yako kiunoni na yanavuta. Mwenzangu alinishika kwa mkanda. Daftari lilikwenda, nadhani lilifika Bagamoyo kabla yangu.

Mlima ni ule ule, kiangazi ni kile kile, na huku magharibi nilikuwa nimevuka kama ninavuka mfereji wa barabarani.

Watu wa pwani wana maneno mazuri ya jambo hili. Upande wa chombo unaopokea upepo wanauita joshini, upande wa pili uliokingwa ni demani. Uluguru ni jahazi lililotia nanga. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga uso wa mashariki, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unatua mzigo. Huko joshini mvua kwa mwaka inazidi milimita 2,000, na kuna mahali inazidi sana. Upepo ukishavuka kilele na kushuka upande wa pili umeshakuwa mkavu. Morogoro mjini mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000. Ngerengere ni mtoto wa demani. Ruvu ni mtoto wa joshini.

Ndiyo maana ya jina kupotea. Bonde la Ngerengere si dogo, linakaribia kilomita za mraba 3,000 katika kama 18,000 za bonde lote la Ruvu. Ukilitazama kwenye karatasi utasema huyu ni mkubwa, ana haki. Lakini karatasi haionyeshi mvua. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni nyika kavu, vijito vyake ni makorongo ya msimu, masika yanafura siku tatu, wiki ijayo mbuzi wanapita humo. Makutanoni kiangazi, anayekuja na maji ni Ruvu, na Ngerengere anakuja na mchanga. Mwenye maji ndiye mwenye jina. Sisi ofisini tuliifuata desturi hiyo mpaka kwenye namba za vituo: vya Ruvu vinaanza na 1H, vya Ngerengere na mikono yake 1HA, vya Mgeta 1HB. Yaani hata kwenye mafaili Ngerengere ameandikwa kama mtoto ndani ya nyumba ya Ruvu.

Ila si kila mara mtoto anakuwa mpole. Masika ya mwaka wa El Nino, 1997 kwenda 1998, mbao yangu moja ilizama yote. Niliandika daftarini "juu ya mbao", maana hakukuwa na namba ya kusoma. Na zamani zaidi kuna habari kubwa kuliko yangu. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akapita njia ya kaskazini, akafika kwenye mji wenye ukuta wa Simbamwene, ambao leo ndio Morogoro. Mto aliukuta pale, akauandika Ungerengeri. Aliporudi mwaka uliofuata, baada ya kimbunga cha Aprili 1872, alikuta mto umefurika na kuubomoa ukuta wa mbele wa mji pamoja na nyumba nyingi. Mimi ninavyoona, na hii ni rai yangu tu, aliyevunja ukuta ni Mto Morogoro. Ngerengere wenyewe unapita mbali kidogo kwenye tambarare, na maji ya kubomoa ukuta yanatoka pale mlima unaposimama wima. Mgeni alisikia jina moja akaliweka kwenye maji yote. Kwa hiyo baba wa mtoto ana mwenzake mwenye jina kubwa katika kosa hilo, ingawa yeye kalikosea upande wa pili.

BintiMgeta

Shikamoo mzee. Naomba niingie hapo ulipotaja Mgeta, maana sisi huwa tunasahauliwa kwenye ramani zote za Uluguru. Kwetu ni Nyandira. Nako ni magharibi ya mlima kama Mlali, lakini juu, kwenye baridi, kabichi na njegere. Mlali tunaupita tukiteremka kwenda sokoni.

Nilikuwa nadhani kwa sababu tuko upande mmoja na Mlali, maji yetu na yao yanakwenda pamoja. Babu yangu alikuwa anasema hapana, yetu yanakwenda kusini, yanapita Kisaki. Sasa kama yanakwenda Kisaki si yanaingia Rufiji?

Mzee_Kipimio

Marahaba, mjukuu wangu wa Nyandira. Babu yako alikuwa na macho. Na hapo ndipo penye sehemu niipendayo kuliko zote, nilikuwa nangoja mtu aiulize.

Hayaingii Rufiji. Yanakaribia, mtu akiwa Kisaki atadhani hivyo, lakini hayaingii. Mgeta unashuka kutoka kwenu kuelekea kusini, unauzunguka mlima kwa chini, unafika nchi ya tambarare karibu na Kisaki, halafu unageuka mashariki na kwenda kuukuta Ruvu. Kwa hiyo tazama mlima huu. Maji ya joshini yanateremka moja kwa moja, ndio Ruvu. Maji ya demani yanagawana. Yaliyo kaskazini yanashika njia ya Ngerengere, yanauzunguka mlima kwa kichwani. Yaliyo kusini yanashika njia ya Mgeta, yanauzunguka kwa miguuni. Wote wawili wanatoka mgongoni mwa mlima, wanakwenda mbali, kila mmoja kwa upande wake, na wote wanakuja kuingia Ruvu mbele ya mlima. Mvua mbili zikidondoka hatua chache huku na huku ya mgongo ulio kati ya Mlali na kwenu, moja itaiona Mindu na nyingine itaiona Kisaki, na zitakutana nyikani mashariki.

Na watu walifuata maji hayo. Stanley 1871 alipita kwa Ngerengere. Burton na Speke, 1857, walipita kusini, wakafika Zungomero, ambayo ilikuwa bonde la Mgeta. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa na njia hizo mbili za kuukwepa mlima, kwa sababu hata mpagazi anafanya kama mto, akikuta ukuta anatafuta unapoishia. Reli ya Wajerumani iliyofika Morogoro 1907 ilichagua kaskazini, na ya sasa nayo imeufuata upande huo huo. Kama wangechagua kusini, mtoto wa mama wa Kimara angekuwa anaimba Kisaki.

MamaWawili_Kimara

Baba, karatasi imekuwa ndogo. Ameunganisha mbili kwa gundi ili Mgeta nao uenee chini, na mlima kaupaka kijani upande mmoja, kahawia upande mwingine. Baba yake anasimama mlangoni anajifanya anatafuta chaja.

Anauliza jambo la mwisho, halafu nakuacha upumzike. Kwenye kitabu chake cha shule kuna Ruvu nyingine, imeandikwa karibu na Kilimanjaro. Ndiyo hiyo hiyo?

Mzee_Kipimio

Siyo. Ile ya Kilimanjaro inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na Kikuletwa, halafu maji yake yanakuwa Mto Pangani. Haina undugu na hii ya kwetu isipokuwa jina. Na hii ya kwetu kwenye ramani za zamani ataikuta imeandikwa Kingani, Stanley na Burton wote waliiita hivyo. Kwa hiyo pembeni ya Ruvu aandike kwa herufi ndogo "zamani Kingani", mwalimu ataona kazi imefanywa na mtu.

Ila mwambie anitengenezee kitu kimoja. Kati ya Mindu na Mazimbu asichore mstari mzito. Achore vitone vitone. Kiangazi ndivyo ulivyo.